Lemera: Mtu akifungwa "kwa usalama wake", ni nani anaukagua uamuzi wa parke?

Dereva anayegonga mtoto kwenye barabara ya taifa nambari 5, kati ya Uvira na Kamanyola, mara nyingi hasimami hapo. Anakimbilia kituo cha polisi kilicho karibu, kwa sababu anajua kundi la watu linaweza kumfikia kabla ya sheria. Mama mzee anayeshutumiwa uchawi baada ya mtoto wa jirani kufa anaondolewa nyumbani kwake usiku na kupelekwa kasho kabla vijana hawajakusanyika. Kijana anayedaiwa kuiba ng'ombe katika milima ya Lemera anafungiwa ndani wakati wenye ng'ombe wanasubiri nje na fimbo.

Wote watatu wanaweza kuambiwa neno moja: unawekwa ndani kwa usalama wako. Siku ya kwanza, huenda ni kweli. Katika Kivu Kusini watu wamekwisha kuona kinachotokea pale kundi la watu linapojifanya polisi, mwendesha mashtaka na jaji kwa wakati mmoja. Mnamo Desemba 2021, huko Lweba katika teritwari ya Fizi, meja wa jeshi la FARDC, mtu wa jamii ya Banyamulenge, alitolewa ndani ya gari na kundi la watu, akauawa na mwili wake ukachomwa moto. Alikuwa askari wa serikali. Raia asiye na cheo wala bunduki ana kinga gani?

Lakini swali kubwa ni la siku ya pili, ya tano na ya ishirini. Ni nani anayeangalia kama uamuzi wa parke bado unamlinda mtu huyo, au sasa uamuzi huohuo ndio unaomweka hatarini? Sheria ya Kongo inajibu: jaji. Kwa mkaaji wa Lemera, aliye mbali na mahakama ya Uvira, shida ni kumfikia jaji huyo kwa wakati, na kujua la kumwomba.

Saa 48, siku 5, siku 15

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaanza na kanuni iliyo wazi. Kifungu cha 17 kinasema uhuru wa mtu ndio kanuni, na kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinaweka kikomo: mtu hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya mahakama. Kifungu hichohicho kinampa haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake na avoka wake, na kinasema kila mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake.

Baada ya polisi anakuja afisa wa parke. Sheria ya mwenendo wa kesi za makosa, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, inamruhusu afisa huyo kutoa hati ya kukamata ya muda baada ya kumhoji mshukiwa. Lakini hati hiyo haimpi ruhusa ya kumweka mtu ndani apendavyo. Inamlazimisha kumpeleka mshukiwa mbele ya jaji aliye karibu zaidi mwenye mamlaka ya kuamua juu ya kifungo cha kusubiri kesi. Kama jaji yuko mahali pamoja na parke, jambo hilo lifanyike ndani ya siku 5. Kama hayuko, zinaongezwa siku za safari, na sheria inaongeza neno zito: ni muda ule tu ambao safari inauhitaji kabisa.

Wakaaji wa milimani walishike neno hilo. Mvua inaweza kukata barabara. Vita vinaweza kuifunga. Lakini "gari hakuna", "afisa amesafiri" au "familia haijaleta pesa ya mafuta" si muda wa safari. Siku hizo zikipita bila mtu kufikishwa kwa jaji, mshukiwa ana haki ya kumwomba jaji huyo mwenyewe amwachilie.

Jaji anayesikiliza ombi la parke ni wa mahakama ya amani, ile ambayo Uvira watu huiita tripe. Anakaa katika kikao cha faragha ambacho kwenye karatasi kimeandikwa kwa Kifaransa "chambre du conseil". Anamsikiliza afisa wa parke, kisha mshukiwa na avoka wake. Akikubali, amri yake ni ya siku 15. Baada ya hapo kifungo kinaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi, kila mara kwa amri mpya. Kwa kosa lenye adhabu ya miezi 6 au zaidi, hakiwezi kuongezwa zaidi ya mara tatu mfululizo. Ikizidi hapo, jaji lazima aamue katika kikao cha wazi, watu wakiwa wanasikia.

Upande usioridhika unakata rufaa, na muda wake ni mfupi sana: saa 24. Rufaa hiyo inasikilizwa na mahakama kuu ya eneo, TGI, ambayo iko palepale Uvira. Hilo ni jambo la kukumbuka hasa tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mnamo Februari 2025. Familia inayosikia neno "rufaa" na kufikiria barabara ya Bukavu iliyofungwa ijue kwamba uamuzi wa kumweka mtu ndani unapingwa Uvira kwanza.

Usalama wa mshukiwa si sababu iliyoandikwa

Hapa ndipo maneno ya mlangoni mwa kasho yanapogongana na sheria. Ili mtu afungwe akisubiri kesi, dekreti inataka mambo mawili: dalili nzito kwamba ametenda kosa, na kosa lenyewe liwe na adhabu ya kifungo cha miezi 6 angalau. Kwa makosa madogo zaidi, ambayo adhabu yake inapita siku 7 lakini haifiki miezi 6, anaweza kufungwa kama kuna hofu ya kutoroka, kama haijulikani yeye ni nani, au kama usalama wa raia unadai hivyo kwa hali nzito na ya pekee.

Tafuta katika orodha hiyo maneno "kwa usalama wake mwenyewe". Hayapo.

Mlango unaotumiwa mara nyingi ni ule wa usalama wa raia. Parke inaweza kusema kwamba mtu huyu akitoka, kijiji kitawaka. Lakini jaji anayefanya kazi yake atauliza zaidi: usalama wa nani, na unatishwa na nani? Kama wanaotishia ni vijana walio nje na mawe, basi wao ndio wanaovunja sheria. Sheria ya makosa ya Kongo inaadhibu vitisho vya kuua. Kumfunga anayetishwa na kuwaacha wanaotisha ni kulifundisha kundi la watu kwamba kelele zinalipa.

Mfano wa uchawi unaonyesha jambo hili wazi zaidi. Hakuna kifungu cha sheria ya Kongo kinachoufanya uchawi wenyewe kuwa kosa ambalo mtu anaweza kushtakiwa nalo. Kinyume chake, sheria ya makosa inaadhibu wale wanaoagiza au kutekeleza majaribio ya kishirikina, yaani kumtesa mtu ili "kujua" kama ndiye aliyeleta kifo au ugonjwa. Na kama anayeshutumiwa ni mtoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu yule anayemwita mchawi.

Kwa hiyo mama mzee aliyepelekwa kasho usiku hana kosa la kujibu. Mbele ya jaji, hati ya kumkamata haina mguu wa kusimamia. Lakini kumwambia saa kumi na moja jioni kwamba yuko huru, aende nyumbani kwake kupitia barabara ileile ya vijana wale, ni kumpeleka kifoni huku karatasi zote zikiwa safi.

Afisa wa parke anayesita kumwachilia si lazima awe mtu mbaya. Pengine anaogopa kubeba damu. Kosa linaanza pale hofu hiyo inapogeuka kuwa kifungo kisicho na mwisho, kisicho na jaji, na ambacho familia inalipishwa.

Kufunguliwa kwake hakukaguliwi

Kuna pengo ambalo watu wachache wanalitaja. Sheria imeweka jaji wa kukagua uamuzi wa kumfunga mtu. Haikuweka jaji wa kukagua uamuzi wa kumfungulia. Kabla kesi haijafika mahakamani, afisa wa parke anaweza kuondoa kifungo mwenyewe. Anaweza pia kuliweka faili kabatini bila kuendelea. Kwa mshukiwa anayechukiwa na kijiji kizima, siku ya kuachiliwa inaweza kuwa ya hatari kuliko siku ya kukamatwa, na hakuna kikao kinachouliza: atalala wapi leo?

Ndiyo maana ni afadhali swali hilo liulizwe mbele ya jaji, wakati mtu bado ana nafasi ya kusikilizwa. Na hapa dekreti ya 1959, pamoja na uzee wake, ina chombo ambacho watu wengi wanakifahamu nusu tu: uhuru wa muda, "liberté provisoire".

Wengi wanaujua kwa sababu ya pesa ya dhamana. Lakini dhamana ni sehemu moja tu. Jaji anayempa mshukiwa uhuru wa muda anaweza pia kumwekea masharti. Anaweza kumwamuru akae katika mji ambako parke ina makao yake. Anaweza kumkataza kutoka nje ya eneo fulani bila ruhusa, au kufika mahali fulani palipotajwa. Anaweza kumtaka ajionyeshe kwa afisa kila baada ya siku kadhaa.

Masharti hayo yaliwekwa ili mshukiwa asitoroke. Lakini yaangalie tena ukiwa na kijana wa ng'ombe au dereva wetu akilini. Jaji akiamuru mtu huyo akae Uvira kwa ndugu yake, asikanyage Lemera mpaka kesi iishe, na ajionyeshe parke kila wiki, amefanya mambo matatu kwa amri moja. Kesi haijafa. Kijiji kinajua kwamba mtu hakununua uhuru wake. Naye hayuko kasho wala mikononi mwa wenye hasira. Njia ya katikati kati ya kifungo na kifo ipo, na imeandikwa. Inamhitaji mtu wa kuiomba.

Kuna njia nyingine kwa kesi ambazo zimekwisha kufika mahakamani. Sheria ya mwaka 2013 juu ya mpangilio wa mahakama inaruhusu kesi kuhamishiwa mahakama nyingine. Kwa sababu ya usalama wa raia, ombi hilo liko mikononi mwa waendesha mashtaka. Wahusika wenyewe wanaweza kuomba kesi ihamishwe pale wanapokuwa na shaka ya haki kwamba majaji hawataamua bila upendeleo. Kwa maneno mengine, mshukiwa anayeogopa umati hana ufunguo wa mlango wa kwanza, isipokuwa amshawishi mwendesha mashtaka aufungue. Avoka mzuri anaanza kuandika barua hiyo mapema.

Gereza nalo si kimbilio

Anayesema "tunamfunga kwa usalama wake" lazima aulizwe pia: usalama gani huo, na katika gereza lipi? Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, katika gereza la Makala mjini Kinshasa, jaribio la kutoroka liliacha watu 129 wamekufa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Kati yao, 24 waliuawa kwa risasi. Wanawake waliofungwa humo walibakwa.

Miezi mitano baadaye ikawa zamu ya Goma. Tarehe 27 Januari 2025, M23 walipokuwa wanaingia mjini, maelfu ya wafungwa walitoroka gereza la Munzenze. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake zaidi ya 160 walibakwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafa katika moto uliowashwa humo. Miongoni mwa wafungwa wa magereza yetu, wengi huwa hawajahukumiwa. Waliofia Makala na Munzenze wakiwa wanasubiri jaji walikufa bado wakihesabiwa kisheria kuwa hawana kosa.

Uvira haikukaa mbali na moto huo. Vita viliifikia bonde la Ruzizi, na mnamo Desemba 2025 M23 waliingia mjini Uvira kwenyewe. Katika hali kama hiyo mlango wa gereza ni kitu cha kwanza kusahauliwa na walinzi, na cha kwanza kukumbukwa na wenye silaha. Jaji anayeombwa kuongeza kifungo cha mtu kwa mwezi mmoja zaidi anapaswa kuuliza mwezi huo utapitia wapi. Swali hilo si la siasa. Limo ndani ya kifungu cha 18 cha Katiba, na kifungu cha 61 kinasema kwamba haki ya kuishi, haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haziondolewi hata wakati wa hali ya hatari.

Tuseme pia juu ya kasho zisizo na jina. Makundi yenye silaha, yawe ya Wazalendo au mengine, hayana mamlaka ya kumkamata raia, kumtoza faini wala kumfunga. Huko hakuna parke, na kwa hiyo hakuna uamuzi wa kukagua. Kinachobaki ni utekaji. Sheria ya makosa, kifungu cha 67, inaadhibu kumkamata mtu bila haki kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 5, na zaidi kama aliteswa au akafa.

Jirani zetu walivyoamua

Tanzania na Kenya zimekwisha kupambana na swali hili waziwazi. Tofauti yao na sisi ni kwamba sheria zao zinataja usalama wa mshtakiwa kwa jina. Nchini Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliruhusu mshtakiwa kunyimwa dhamana pale inapoonekana ni lazima awekwe ndani kwa ulinzi au usalama wake mwenyewe. Kenya iliweka sababu kama hiyo katika sheria yake ya mwenendo wa kesi za jinai. Lakini katika nchi zote mbili, anayepaswa kuridhika kwamba hatari hiyo ni ya kweli ni mahakama. Neno la mwendesha mashtaka peke yake halitoshi.

Tanzania ilikwenda mbele zaidi. Kifungu cha 148 cha sheria hiyo, kama kilivyojulikana wakati huo, kilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuandika hati inayosema kwamba usalama au maslahi ya Jamhuri yataathirika mshtakiwa akipewa dhamana. Hati ikiwekwa mezani, mdomo wa hakimu unafungwa. Mwanasheria Jeremia Mtobesya aliipinga. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2015, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba kipengele hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kiini chake ni rahisi: upande mmoja wa kesi hauwezi kuandika karatasi ambayo upande wa pili hauruhusiwi kuijibu.

Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, kifungu cha 157, ilisema Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuiondoa kesi mahakamani bila ruhusa ya mahakama. Pale, hata kufungua mlango kuna anayekagua.

Wakongo pia wamepita katika swali hili mbele ya majaji wa kimataifa. Floribert Njabu na wenzake wawili, waliokuwa wamefungwa Kinshasa tangu 2005 bila kuhukumiwa, walipelekwa The Hague mwaka 2011 kutoa ushahidi katika kesi ya Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo. Walimtaja Rais wa wakati huo, Joseph Kabila, kisha wakasema wanaogopa kurudi, wakaomba hifadhi Uholanzi. Majaji wa ICC waliona kwamba hawawezi kuwarudisha papo hapo bila kuipa Uholanzi nafasi ya kulichunguza ombi lao. Mwishowe maombi yalikataliwa, na mnamo Julai 2014 walirudishwa Kongo. Hawakushinda. Lakini kwa miaka mitatu swali la usalama wao liliulizwa na majaji, kwa maandishi, na kila upande ukajibu.

Kwa nini Lemera

Jina la Lemera linabeba uzito ambao mtu wa Uvira hahitaji kuelezwa. Tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, wakiwemo askari majeruhi, na wauguzi pamoja nao. Zaidi ya watu 30 walikufa. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkurugenzi wa hospitali hiyo, ameitaja siku hiyo mbele ya dunia mara nyingi. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliandika tukio hilo. Mpaka leo hakuna kesi iliyohukumiwa.

Mtu aliye kwenye kitanda cha hospitali na mtu aliye ndani ya kasho wana jambo moja linalofanana: hawawezi kukimbia. Wamewekwa chini ya ulinzi wa wengine. Ulinzi huo ukivunjika na hakuna anayeulizwa, watu wanajifunza somo baya. Wanaojiona wameonewa wanaacha kungoja mahakama, na wanaoshutumiwa wanaacha kuiamini.

Ndiyo sababu uamuzi wa jaji lazima upande mlima. Kivu Kusini imekwisha kuona kwamba mahakama inaweza kutembea. Mnamo Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka na kumhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji wa Fizi. Mnamo Desemba 2017, kesi ya watoto wa Kavumu iliamuliwa Kavumu kwenyewe, mashahidi wakiwa wamefichwa sura na sauti. Kama mahakama iliweza kwenda kwa kesi nzito hivyo, jaji mmoja na karani wake wanaweza kwenda Lemera kwa siku moja kukagua waliofungwa na kuwaeleza watu kwa nini huyu ameachiliwa na yule amebaki. Uamuzi usioelezwa unaonekana kama umenunuliwa, na pale mawe yanaanza kuokotwa.

Familia iombe nini

Kwanza, iandike saa na siku ya kukamatwa, na jina la kituo. Saa 48 zinahesabiwa kuanzia hapo, si kuanzia siku ambayo afisa alirudi.

Pili, iulize kosa gani limeandikwa. Kama karatasi haina kosa bali ina maneno "usalama wake", avoka analo la kusema tayari. Asiye na pesa aulizie ofisi ya ushauri wa bure ya baro, au mtetezi aliye karibu na mahakama. Kifungu cha 19 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutetewa.

Tatu, kama kuna vitisho, vipelekwe kwa maandishi: nani alisema nini, lini, mbele ya nani. Jaji hawezi kupima hatari ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Nne, ombi lisiishie kwenye "mwachilieni". Liseme mahali atakapokaa, nani atampokea, na jinsi atakavyojionyesha parke. Kama kuna dhamana ya pesa, ilipwe kwa risiti. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

Tano, jibu likiwa baya, saa 24 za rufaa zinaanza kukimbia. Na kama magistra amekataa kuamua, au ametenda kwa hila, sheria inaruhusu kumshtaki yeye mwenyewe mbele ya Mahakama ya Kasasyo kwa njia inayoitwa "prise à partie". Ni njia ndefu na ya gharama, lakini ipo.

Machifu, wachungaji na viongozi wa mashirika ya raia wa Lemera nao wana sehemu yao. Wao ndio wanaojua kama kijiji kimetulia au bado kinachemka. Barua yao kwa jaji, yenye ukweli na isiyo na upande, inaweza kumsaidia kujua kama mtu arudi nyumbani, akae Uvira, au asubiri kidogo. Mwendesha mashtaka anayesema mtu huyu yuko hatarini aulizwe na jaji, kila baada ya siku zilizoandikwa: amefanya nini tangu mara ya mwisho ili hatari hiyo ipungue?